Seli za neva za kupandikiza kwa mgonjwa wa Parkinson: mama anataka kuuza kiwanja, nimjibu nini?

Binti wa Fundi

Habari zenu wanajukwaa. Naandika usiku huu kwa sababu mama ameshalala na mimi usingizi umekataa.

Mama ana miaka 63, fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa. Miaka saba iliyopita alianza kuniita nimtungie uzi kwenye sindano. Nikadhani ni macho, nikampeleka akapimwa miwani. Miwani mipya haikubadilisha kitu. Siku moja nikakaa karibu yake nikamwangalia vizuri: tundu la sindano analiona, ila kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vinasuguana vyenyewe, kama anasokota uzi ambao haupo. Daktari wa neva alimwambia agonge vidole haraka haraka, akamshika kiwiko akakikunja na kukikunjua polepole, akamtembeza ukumbini mara mbili. Kisha akasema Parkinson.

Vidonge vya levodopa na kabidopa vilimrudisha kazini karibu miaka minne. Nguo zilishonwa, harusi zilihudumiwa. Sasa dozi moja inashika saa mbili na nusu, halafu inakata. Ikikata mwili unakakamaa, sauti inashuka, na mguu wa kulia unaganda mlangoni. Anasimama kizingitini kama amegundishwa, anautazama mguu wake, na mimi namtazama. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza: mama huyo huyo ukimkalisha kwenye cherehani yake ya miguu, mguu ule ule unakanyaga pedali vizuri kabisa. Akiinuka tu, unagoma.

Wiki iliyopita ndugu yetu mmoja ametuma tangazo la kliniki. Wanasema wanatibu Parkinson kwa seli shina, dripu tatu za mkononi, na ndani ya miezi sita "niuroni mpya zinaota". Wameambatanisha ukurasa wa habari kuhusu wagonjwa wa Japani waliopandikizwa seli kwenye ubongo, na video ya mzee anayeinuka kitini bila kushikwa. Mama ameirudia video hiyo nimeshindwa kuhesabu. Jana akaniambia tuuze kiwanja chake. Nikamwambia, mama, kiwanja ndicho akiba yako. Akanijibu, "Kiwanja kitanifunga vifungo?"

Nilikosa la kusema.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Habari ya Japani ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, ndiyo hiyo wanayouza hawa? Kuomba Mungu tunaomba kila siku. Hapa nahitaji maarifa ya kumpelekea mama kesho asubuhi.

---

Darubini

Dada, pole kwa kuuguza. Mimi si daktari. Nafanya kazi maabara, na kwa miaka sita kazi yangu imekuwa kulea seli shina za binadamu mpaka ziwe seli za neva zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayouwezesha mwili kujongea. Ni aina ile ile ya seli inayokufa kwa mama. Nitajibu upande ninaoujua kwa mikono.

Habari ya Japani ni ya kweli. Kundi la Jun Takahashi wa Chuo Kikuu cha Kyoto lilimpandikiza mgonjwa wa kwanza Oktoba 2018, na matokeo ya wagonjwa 7 yalichapishwa Aprili 2025 kwenye jarida la Nature. Jarida hilo hilo, siku hiyo hiyo, lilitoa matokeo ya wagonjwa 12 wa Marekani na Kanada, kazi iliyoongozwa na Viviane Tabar wa New York. Lund kule Sweden na Cambridge kule Uingereza nao wana jaribio lao la wagonjwa 8. Wa kwanza alifanyiwa upasuaji Februari 2023. Kwa hiyo mama hakudanganyika kwa kuamini kwamba kitu hiki kipo. Kipo. Naomba umwambie hivyo kwanza, kabla ya mengine yote.

Sasa tazama seli hizo zilipitia njia gani.

Seli za dopamini makao yake ni kwenye shina la ubongo, eneo dogo lenye rangi nyeusi. Kutoka pale zinarefusha nyuzi hadi sehemu ya ndani iitwayo putameni, na huko ndiko dopamini inakomwagwa. Ukipanda seli mpya pale kwenye makao ya zamani, kwa mtu mzima nyuzi hazifiki. Safari ni ndefu mno. Ndiyo maana wapasuaji wanazipeleka mwisho wa safari moja kwa moja. Wanatoboa fuvu, wanapitisha sindano nyembamba kwa kuongozwa na picha za MRI, wanaziacha ndani ya putameni, kulia na kushoto. Wagonjwa wa dozi kubwa kule Marekani na Kanada walipewa seli milioni 2.7 kila upande. Ukisikia milioni unadhani ni chupa nzima. Ukizituamisha kwenye mrija unaona kidoa cheupe, ukubwa wa kichwa cha pini ile mama anayobania kitambaa.

Dripu ni njia nyingine kabisa. Seli ikiingia mshipa wa mkono inakwenda moyoni, inasukumwa mapafuni, na nyingi zinanasa huko huko kwenye vimishipa vidogo. Halafu kati ya damu na ubongo kuna ukuta mkali sana. Dopamini yenyewe haiupiti! Mama anameza levodopa kwa sababu levodopa inapita, kisha inageuzwa kuwa dopamini ikishakuwa ndani. Tena kliniki nyingi za namna hiyo hutumia seli zilizonyonywa kwenye mafuta ya tumbo au uboho wa mgonjwa. Seli hizo hata ukizifikisha kwenye ubongo kwa mkono wako, hazigeuki kuwa seli za neva za dopamini.

Niongeze kidogo kuhusu kuzilea, kwa sababu watu hudhani seli shina ikishafika ubongoni inajua yenyewe iwe nini. Haijui. Kyoto walianza na seli za damu za mtoaji mwenye afya, zikarudishwa nyuma hadi uchanga wake kwa ufundi aliougundua Shinya Yamanaka mwaka 2006. New York walianza na seli za kiinitete. Kwa vyovyote, kuanzia siku ya kwanza tunazipa viashirio kwa zamu, kila kimoja kwa siku zake na kipimo chake. Kuna kiashirio kimoja kikizidi kidogo tu, seli zinadhani ziko nyuma zaidi kwenye ubongo, na badala ya dopamini unapata seli za serotonini, kemikali nyingine ya ubongo. Nimewahi kutupa sahani za wiki nzima kwa sababu hiyo. Kwa darubini zilikuwa nzuri, zimerefusha nyuzi, zimeshikana. Alama zake ndizo zilizosema si zenyewe. Kyoto wanazichuja kwa alama iitwayo CORIN ili zibaki zile zinazotakiwa tu. Na hatupandikizi seli zilizokomaa, zingekufa kwenye sindano. Tunapeleka changa ambazo zimeshaamua zitakuwa nini, nazo hukomaa ndani ya ubongo kwa miezi mingi.

Uchujaji huo una historia ya maumivu. Kabla ya seli shina, kuanzia mwaka 1987 kule Lund, walitumia tishu za ubongo za vijusi kutoka mimba zilizotolewa, vijusi kadhaa kwa mgonjwa mmoja. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya miaka mingi. Lakini jaribio la Marekani lililochapishwa 2001, wagonjwa 40, nusu yao wakiwa wametobolewa fuvu tu bila kupewa tishu, lilionyesha faida kwa walio chini ya miaka 60, na 15% ya waliopandikizwa baadaye miili yao ikaanza kujinyonganyonga bila wao kutaka, hata dawa ikipunguzwa au kuachwa. Baadaye seli za serotonini zilizochanganyika kwenye tishu zile zilishukiwa kuchangia. Mwaka 2008 wakachunguza ubongo wa wagonjwa waliofariki zaidi ya miaka 10 baada ya kupandikizwa, wakakuta seli mpya nyingi zingali hai, ila chache zimeshaanza kuwa na madonge yale yale ya protini ya Parkinson.

Matokeo ya 2025 hayakuonyesha kujinyonganyonga kwa namna hiyo, wala uvimbe. Kwenye kipimo cha mwendo chenye alama hadi 132 (alama zikipungua ndiyo nafuu), kinachofanywa dawa ikiwa imekata, wagonjwa wa dozi kubwa wa Marekani na Kanada walipungua wastani wa alama 23 baada ya miezi 18. Kyoto wastani ulikuwa 9.5 baada ya miezi 24, na kati ya 6 waliopimwa kwa hilo, 4 walipata nafuu. Picha za PET, zinazoonyesha ubongo unavyofanya kazi, zilionyesha dopamini inatengenezwa upya kwenye putameni. Kyoto ongezeko lilikuwa 44.7%. Mimi nililia niliposoma namba hiyo, nasema kweli. Lakini ni wagonjwa wachache, na wote walijua wamepandikizwa. Kwa hiyo jaribio kubwa lililofuata Marekani lina kundi la upasuaji wa kuigiza.

---

Mzee wa Fimbo

Mwanangu, mimi ni mgonjwa mwenyewe, mwaka wa 11 huu. Naandika taratibu, samahani kwa makosa.

Kwanza hiyo video ya mzee anayeinuka kitini. Usimwambie mama ni ya uongo, maana huenda ni ya kweli. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwachoma wagonjwa wa Parkinson sindano ya maji ya chumvi, wenyewe wakitarajia dawa, wakapiga picha za PET: ubongo ukatoa dopamini yake wenyewe. Kutarajia tu. Mtu aliyeuza kiwanja akakaa kwenye kiti cha kliniki anatarajia kuliko mtu yeyote duniani. Atainuka siku hiyo, na pengine wiki hiyo. Mimi mwenyewe kuna siku mjukuu wangu alizaliwa, dawa imekata kabisa, na nilitembea hadi mlango wa wodi bila fimbo.

Hapo ndipo ninapouelewa ule upasuaji wa kuigiza anaousema Darubini. Watu hushangaa, mtu anatobolewaje kichwa halafu hapewi kitu? Ugonjwa wetu unadanganyika kirahisi mno, hakuna njia nyingine ya kujua kama ni seli zilizofanya kazi au ni moyo wa mgonjwa.

Pili, mguu na pedali. Mama yako si wa kwanza. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi waliandika habari za mwanamume wa miaka 58 aliyeganda kiasi kwamba akipiga hatua chache anaanguka, lakini ukimpandisha baiskeli anaendesha, anakata kona, anarudi. Akishuka, anaganda tena. Kinachokwama kwetu ni kuianzisha hatua kutoka ndani. Pedali inaupa mguu mwendo kutoka nje: huu ukishuka ule unapanda. Mimi nimebandika mistari ya utepe sakafuni kwenye kila mlango, nauruka mstari badala ya kuvuka mlango. Kuvuka mlango nimeshindwa, kuruka mstari naweza. Hata kuhesabu kwa sauti, moja-mbili, moja-mbili, kunasaidia.

Tatu, saa mbili na nusu. Mrudishe kwa daktari wa neva na daftari. Andika saa ya kumeza, saa ya kushika, saa ya kukata, wiki nzima. Andika na saa za kula, kwa maana chakula chenye protini nyingi hugombania mlango mmoja na levodopa. Dozi yangu ilipogawanywa ikawa midogo ya karibu karibu nilipata saa nyingine mbili za kuishi kwa siku. Uliza pia kuhusu waya za umeme za ubongoni. Mimi nina waya mbili ubongoni na betri chini ya mtulinga, mwaka wa nne sasa. Zimepunguza kutetemeka na zimenipunguzia vidonge. Ila ujue mapema: mwenye waya kwa kawaida hapokelewi kwenye majaribio ya kupandikiza seli. Niliambiwa hivyo kabla ya kukubali, nikapima, nikachagua waya. Kila mtu ana mizani yake.

Na hata seli zikifika siku moja, zinarudisha dopamini ya mwendo. Choo kigumu, harufu iliyopotea, usingizi wa kupiga mateke, kumbukumbu, hayo yana mizizi yake kwingine. Mama aambiwe hilo na mtu anayempenda.

---

Zamu ya Usiku

Muuguzi hapa, nimewahi kuhudumia wagonjwa walio kwenye majaribio ya tiba. Kwa ufupi, wapigie kliniki uwaulize haya:

Jaribio lenu limesajiliwa wapi, na namba yake ni ipi? Seli zinatoka kwa nani, na zimegeuzwa kuwa nini kabla hazijaingia mwilini? Kama ni za mtu mwingine, mgonjwa atapewa dawa gani za kushusha kinga, kwa muda gani? (Kyoto walitumia takrolimasi miezi 15, Marekani na Kanada walitumia dawa za kushusha kinga mwaka mzima. Dawa hizo si mchezo, mafua ya kawaida yanaweza kumlaza mtu.) Mtampima mwendo akiwa amekata dawa, kabla na baada, na nani atampima?

Na mgonjwa wa jaribio halisi hauziwi seli. Anaombwa ridhaa, anasomewa hatari moja moja, na ana haki ya kujitoa.

Usidhani dripu au sindano ya seli "haina madhara hata kama haisaidii". Mwaka 2009 iliandikwa habari ya mvulana mwenye ugonjwa mwingine wa neva aliyepelekwa Urusi kuwekewa seli za vijusi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Miaka minne baada ya matibabu ya kwanza alikutwa na uvimbe, na vipimo vilionyesha seli za uvimbe si zake, ni za watoaji. Tena mtu akishawekewa seli zisizoeleweka, majaribio halisi humkataa.

---

Binti wa Fundi

Nimerudi baada ya siku tisa. Shikamoo Mzee wa Fimbo. Darubini, Zamu ya Usiku, Mungu awabariki, nimesoma kila neno mara tatu.

Niliwapigia. Dada aliyepokea alikuwa na sauti ya upole. Nikauliza namba ya usajili, akasema hiyo ni tiba, si jaribio, haihitaji kusajiliwa. Nikauliza seli zinatoka wapi, akasema mafuta ya tumbo ya mgonjwa mwenyewe, "kwa hiyo mwili haukatai". Nikauliza zimegeuzwa kuwa nini kabla ya dripu. Akanyamaza kidogo, akasema zinajua zenyewe pa kwenda. Nilikuwa nimeweka simu kwa sauti kubwa na mama yuko pembeni yangu. Nilimwona anaangalia chini.

Jioni nikachomoa pini moja kwenye kijipochi chake, nikamwonyesha kichwa chake, nikamwambia ndizo hizi, milioni mbili na ushee, na zinapitishwa kwenye fuvu hadi mahali pamoja tu. Akaishika pini dawa ikiwa imeshika, akaigeuza kwenye mwanga. Swali lake la kwanza halikuhusu kutobolewa kichwa. Aliuliza, "Na huo uzi wake, unajishona wenyewe?" Nikamjibu ndiyo, zinarefusha nyuzi zenyewe, inachukua miezi mingi. Akatikisa kichwa kama anavyofanya akiona mshono mzuri wa fundi mwingine.

Kisha akalia, na nikalia naye. Siwezi kulifupisha hilo.

Daktari wa neva ameliona daftari. Dozi imegawanywa, sasa anameza mara sita badala ya nne, na nyama imehamia mlo wa jioni. Ni siku tano tu, sitaki kuwahi kusema. Kuhusu waya, ametuandikia kwenda kwa wataalamu wakampime kama anafaa. Nilimuuliza pia kuhusu majaribio ya seli. Alisema umri wake unakubalika kwenye baadhi yake, na kwamba kuitikia levodopa ndicho kitu wanachokiangalia sana, na mama bado anaitikia. Akaniambia nitunze daftari lile kwa sababu siku wakiliuliza, watauliza hayo hayo.

Kiwanja mama amesema kikae kwanza. Karatasi yenye namba ya kliniki ameiweka kwenye kopo la vifungo. Sijaitoa.

Mistari ameikata yeye mwenyewe kwenye kitambaa chekundu, ameipindia pindo pande zote isifumuke nyuzi, na mimi nimeigundisha sakafuni. Mzee wangu, nina swali: mstari na mstari ni umbali gani? Ya kwetu naona iko karibu mno, anaikanyaga miwili kwa pamoja.

---

Mzee wa Fimbo

Marahaba mwanangu. Chukua tepu yake ya kushonea, mpimie hatua yake moja dawa ikiwa imeshika vizuri, kisigino hadi kisigino. Weka mistari kwa umbali huo huo. Usimpimie ikiwa imekata.

Na huo wa kwanza uweke kabla ya kizingiti, si juu yake.